Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Chokaa katika Jumba la Mtoni

Saa kumi na mbili asubuhi ninapanda daladala ya Bububu pale Darajani, mjini Zanzibar, nikiwa na mfuko wenye mwiko, timazi, patasi na nyundo ndogo, na kabla ya saa moja nimekwisha shuka Mtoni. Njiani tunapita Marahubi, ambako nguzo za jumba la Sayyid Barghash zimebaki bila dari tangu moto wa 1899. Wanaoniona nikiingia magofuni kila siku hudhani kwamba mimi ni mlinzi au mtembeza wageni. Mimi ni mwashi, na kazi yangu ni kuzishikilia kwa chokaa kuta za Jumba la Mtoni ambazo Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alizijengesha kati ya 1828 na 1834.

Saa ya kwanza huishia kwenye shimo la chokaa. Kijana ninayemfundisha hufunua makuti na kuchota chokaa iliyozimwa zamani na kuachwa chini ya maji mpaka ikawa laini kama samli, kisha tunaichanganya na mchanga na udongo mwekundu kidogo.

Saa mbili ninausoma ukuta kabla ya kuugusa, na hapa ndipo wengi wasipoielewa kazi hii. Jumba hili lilikuwa nyumba ya shamba ya mtawala, ufukweni, nje ya mji. Bintiye, Sayyida Salme, aliyezaliwa humu mwaka 1844, aliandika kwamba watu zaidi ya elfu moja waliishi ndani yake, kwamba tausi na paa walitembea uani, na kwamba mwisho wa ua palikuwa na mabafu. Lakini jumba lilihamwa kabla ya 1885, moto wa 1914 ukaunguza sehemu yake, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likafanywa ghala. Mikono mingi imepita hapa, na kila mmoja umeacha alama. Ukuta ulioongezwa baadaye haukufumwa mawe kwa mawe na ule wa zamani, umeegemezwa tu, kwa hiyo mshono ulionyooka kutoka juu hadi chini hunijulisha kwamba nyumba imebadilishwa. Upana wa chumba nao husema, kwa sababu mjenzi wa wakati ule alifuata urefu wa boriti za mikoko, na chumba kilichozidi urefu huo lazima kiwe na nguzo au tao la kuzipokea boriti. Nikianza kuchokoa kabla ya kujua jiwe lipi ni la Sayyid Said na lipi ni la ghala, nitafuta habari ambayo haitaandikwa tena.

Kuanzia saa tatu tunabandua saruji. Ukuta wa nje wa mabafu uliwahi kufunikwa saruji na mtu aliyetaka kuuokoa haraka. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, ambayo hunyonya unyevu na kuutoa, na chokaa huuachia upite, saruji huuzuia. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanakosa pa kutokea, chumvi ya bahari inaganda nyuma ya lipu na kulimumunya jiwe kutoka ndani. Tunagonga polepole sana, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko jiwe iliyolishika, na pigo moja la pupa huondoka na vyote viwili. Kwa saa mbili za jua kali tulibandua kipande kisichozidi ukubwa wa mlango.

Katikati ya hapo akafika bwana mmoja aliyevaa vizuri, ambaye alisema ana nia ya kupakodi mahali hapa kwa ajili ya harusi.

“Fundi, kazi hii mnaimaliza lini?”

“Mzee wangu, ukuta huu hauharakishwi.”

“Lete saruji, piga rangi nyeupe, wiki moja mmemaliza. Wageni watajuaje?”

Nilimweleza habari ya chumvi. Akaniambia kwamba nyumba yake ni ya saruji na haina tatizo. Nilimweleza kwamba nyumba yake haikujengwa kwa matumbawe. Akarudi kwenye wiki moja. Kisha akaulizia mapambo, kwa kuwa alitoka Kidichi, ambako Sayyid Said alimjengea mkewe Shehrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi, hamamu yenye nakshi za maua, mitende na ndege mwaka 1850, na hapa haoni ila mawe. Huku akizungumza alikandamiza kidole kwenye lipu tuliyoipiga jana, ikabonyea. Kijana wangu alinitazama. Nilimwomba yule bwana kwa heshima asimame nje ya kamba, naye akaendelea kunishauri kutoka huko mpaka adhana ya adhuhuri ilipomwondoa. Sikukasirishwa na ujinga wa chokaa, maana huo hufundishika. Kilichoniuma ni kuona ukuta wa karibu miaka mia mbili ukipimwa kwa tarehe ya sherehe.

Baada ya sala na wali wa maharage, sikuitazama saa tena. Tuliloweka mawe, tukajaza mashimo kwa vipande vya matumbawe, tukapiga tabaka lisilozidi unene wa kidole, tukasubiri, tukasugua, tukarudia pale palipobonyezwa. Mabega yalikuwa mazito na vidole vilichubuka, kwa sababu chokaa hula ngozi hata ukijipaka mafuta ya nazi. Hata hivyo niliporudi nyuma kidogo na kushusha timazi, uzi ulilala sawasawa na ukuta kutoka juu hadi chini, na kazi hiyo ni yangu.

Jioni tulifunika lipu kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa hukomaa kwa hewa taratibu na ikikaushwa na jua hupasuka. Kijana atakuja kuyalowesha magunia kesho alfajiri, nami nitaendelea na sehemu ya saruji iliyobaki upande wa baharini, ambayo ni lazima iondoke kabla ya masika.