Na kurabu naye aandikwe

Leo nimetuma kadi nyingine, yaani orodha ya ndege wote niliowaona, ya Mida Creek, ule mkono wa bahari karibu na Watamu, halafu nikakaa na kikombe changu cha chai nafikiria kitu ambacho watu wanaoanza kuangalia ndege huwa hawaambiwi mapema, kwamba hawa wenzetu wanaotunza rekodi kwa kujitolea hawamtaki tu yule ndege adimu uliyebahatika kumuona, wanataka orodha nzima, tetere, yangeyange, hata kurabu, yule kunguru anayeiba mandazi.

Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya tunaoutumia kadi hizi, ilianza 2013 na nchi yote imegawanywa viboksi vya kama kilomita 9 kwa 9, vinaitwa pentadi. Atlasi ya ndege ya 1989, yaani kitabu cha ramani zao, viboksi vyake vilikuwa vya kama kilomita 55 kila upande, yaani boksi moja linameza msitu, mashamba, mji na ufuo, sasa utajuaje ndege kahama wapi? Kazi yenyewe sio ngumu, angalau masaa mawili ya kuangalia kwa bidii, uzunguke kila aina ya mazingira unayoweza kufika, kila ndege mpya unamgusa kwenye simu na programu ya BirdLasser inaweka saa na mahali, na kadi unaweza kuiendeleza mpaka siku tano.

Sasa hapa ndio pananigusa. Wakitengeneza ramani wanaangalia kati ya kadi zote za pentadi hiyo ni ngapi zimemtaja ndege fulani. Ukimruka tetere kwa sababu umemzoea na mimi nikamruka na jirani akamruka, kwenye ramani tetere amepungua na yeye yuko tu juu ya bati analia. Na siku akipungua kweli nani atajua? Kwa hiyo kurabu naandika kila mara ingawa simpendi, manake anakula mayai na makinda ya wenzake, mababu zake waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa mwambao wote ni wao, na wanaotaka kumdhibiti lazima wajue kafika wapi.

Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa vizuri na wale ndege weupe wenye mgongo mweusi wanaokula kaa walikuwa wametawanyika kwenye matope karibu na mikoko. Nilimwangalia mmoja muda mrefu, mdomo mnene mweusi kama kisu cha kuchinjia, anakimbia hatua chache, anasimama, anachoma chini, kaa huyo. Nyuma yake kinda wa rangi ya kijivu anamfuata analialia apewe, mkubwa mzima na bado analishwa! Hawa wanazaliana huko Oman na pande za Ghuba, wanachimba mashimo mchangani na kutaga yai moja tu jeupe, halafu mzazi anakuja na mwanawe mpaka huku kwetu na kuendelea kumlisha. Yai moja kwa mwaka, jamani. Ndege wa hivyo ukikaa bila kumhesabu utashtuka kumekucha ameisha.

Jioni mzee mmoja anayesaidia kukagua rekodi akanipigia kuhusu kitwitwi niliyemuingiza. "Mwanangu, miguu ilikuwa rangi gani? Mdomo ulikuwa mrefu kuliko nusu ya kichwa ama? Jua lilikuwa upande gani?" Nikamjibu moja moja, akasema, "Basi niandikie hivyo hivyo ulivyoona, usiongeze." Kuna watu wakiulizwa hivi wanaona wamedharauliwa na wanaacha kutuma kabisa, na mimi naona ni heshima kubwa, mtu hajalipwa hata shilingi anatumia jioni yake kuhakikisha nilichokiona kitaaminika miaka 30 ijayo nikiwa sipo. Nilimwambia shikamoo mara ya pili wakati wa kuaga, ilinitoka tu.

Kitu kimoja tu huwa sikitangazi ovyo. Kuna kibundi cha Sokoke, kidogo hivi, kinalala mchana ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakaguzi wanapata mahali kamili, lakini mtu akiniuliza ni mti gani ili akapige picha, namwelekeza kwa waongozaji wa msitu wanaojua kumkaribia bila kumsumbua, na picha yangu mwenyewe siiweki popote.