Baba watoto alipoteza maneno, nyimbo zikabaki

Mi ni mwanakwaya wa kanisa la AIC tangu nina miaka 14, sauti ya pili, na kama umekulia Mwanza unajua AIC kwaya sio kitu cha kupotezea muda, ni mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ukikosa mara tatu unaitwa kikao ujieleze. Kwahiyo mtu akisema "kusifu kunatia nguvu" nilikuwa naitikia amina kwa nguvu kabisa, ila kusema ukweli nilikuwa naitikia tu, sijawahi kuhitaji hizo nguvu zenyewe. Kuzihitaji kukaja Novemba 2021.

Kipindi hicho nafuata dagaa visiwani, tunaanika kule kule kwenye mchanga, wakikauka naleta mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la Mwanza, kuuza. Kwa asiyejua, dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikikaa vizuri wavuvi wanapumzika, yaani na sisi tuna mwisho wa mwezi wetu ila ni wa mwezi wa juu mbinguni. Sasa giza lile nilichukua mzigo mkubwa kuliko siku zote, nimeuanika, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Dagaa akinyeshewa anabadilika rangi, anaanza kunuka, hapo hakuna tena wa kula, unawapa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Na ule mtaji haukuwa wangu, ulikuwa mkopo, hii tunayoita kausha damu, laki sita, rejesho kila wiki na afisa wao anajua hadi mlango wa jikoni kwako.

Wiki mbili hazijaisha baba watoto akaanguka.

Yeye ni fundi mitumbwi, anapasua mbao, anaunga, anaziba mianya kwa pamba, na ni besi wa kwaya yetu, akigonga misumari ufukweni anaimba huku nyundo ndio inampigia mapigo. Alikuwa na presha anajua, alipewa vidonge, akawa anameza akijisikia vibaya na kuacha akijisikia vizuri (nawasihi jamani, presha haiendi hivo). Asubuhi ile kikombe kikamtoka mkononi, nikadhani uzembe, kumwangalia mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umening'inia. Tukapoteza masaa kadhaa hapo ndugu wanabishana, huyu anasema katupiwa kitu, huyu anamjua mzee mmoja Magu, mpaka jirani yangu mama mmoja wa Kiislamu akaja na bajaji kashailipa akasema nyie bishaneni, mgonjwa apande. Tumefika hospitali presha inasoma 220 kwa 130. Kiharusi, upande wa kushoto wa ubongo.

Alipona kufa, ila maneno yakaisha yote, likabaki moja tu, "tena". Unataka maji? Tena. Unaumwa wapi? Tena. Nikamuuliza mimi naitwa nani, akanitazama muda mrefu, machozi yanamtoka, akasema tena, tena, tena. Na kichwani anaelewa, ndicho kilichokuwa kinamuua, anajua anachotaka kusema na anasikia kabisa kinachotoka sicho.

Hapo na mimi nikakauka. Watu wanadhani mwanakwaya akipata shida anaingia chumbani anaimba, mi nilikuwa nikifungua mdomo kuomba naona aibu kama naongea na mtu aliyeninyima kitu. Rejesho linadaiwa, watoto wako kwa dada yangu, mi nalala kwenye kanga chini ya kitanda cha wodi, niimbe nini? Kuna mhubiri mmoja alikuwa anapita wodini akaniambia kama mumeo haponi basi hujasifu vya kutosha, alafu akataja bei ya chupa ya mafuta. Sikumjibu, ila nilitamani hayo mafuta nimwagie.

Wanakwaya wakaja Jumapili saa kumi jioni, walikuja kama ishirini, mlinzi akaruhusu wanne. Wakaanza wimbo wa kitabuni, ule wa zamani ambao hata aliyeacha kanisa bado anaujua, wanaimba chini chini wasisumbue wodi. Mi nimesimama mdomo wazi hakuna kinachotoka. Mwenzangu wa sauti ya pili hakuniambia "jipe moyo", alisogea tu akaweka mdomo karibu na sikio langu akaimba sehemu yetu. Na sauti ya pili mnaijua, haina mbwembwe, haipandi juu kama ya kwanza, inazunguka palepale kwenye noti mbili tatu, so nikaishika kama mtu anayepapasa ukuta kwenye giza, noti moja, nyingine, nikajikuta nimo ndani.

Ubeti wa pili nikasikia besi.

Nikadhani kuna mwanaume kaingia. Kugeuka ni yeye, macho yamefumba, mdomo umepinda vile vile, na yanayotoka ni MANENO, sio tena tena, maneno ya wimbo kama yalivyo, mengine yanakatika mwishoni lakini yapo. Mwenzangu akapiga kigelegele wodi nzima ikageuka, nesi akaja mbio. Jioni ile nilikuwa na hakika kapona, nikapigia watu simu mpaka vocha ikaisha. Kesho asubuhi namsalimia, umeamkaje baba? Tena.

Niseme ukweli nililia kuliko siku aliyoanguka. Ni yule dada wa mazoezi ya viungo aliyenikuta hivo akanielewesha taratibu, kwamba kwa watu wengi maneno ya kuongea yanategemea sana upande wa kushoto wa ubongo, pale pale alipoumia, lakini kuimba kunatumia na upande wa kulia pia, kwahiyo wapo wagonjwa wasioweza kusema "nipe maji" na wimbo wanaimba mpaka mwisho. Akasema msiache, tumieni hiyo njia. Watu wengine kanisani hawakupenda nilipowaelezea, wakaona nimewapunguzia muujiza. Mi sioni hivo, aliyeweka maneno ya kuongea huku na ya kuimba kule alijua ziwa lina mawimbi. Lakini pia sitaki kumdanganya mtu kwamba tuliimba akanyanyuka, hakunyanyuka.

Tulirudi nyumbani Desemba na hapo ndio nikajifunza hasa kutumia wimbo. Bibi yangu Magu alikuwa analima kwa ngoma, sisi Wasukuma jembe na wimbo havitengani, hata bugobogobo watu wanacheza na majembe mkononi, na bibi alikuwa anasema ukilima kimya jua linakuona. Nikakumbuka hiyo. Alfajiri saa kumi na moja namgeuza, maana waliniambia kila masaa mawili ageuzwe asipate vidonda, nikimgeuza kimya naona uzito wote, mgongo unauma, hasira inapanda, nikiimba mwili unafuata mapigo kama umesahau umechoka. Mkono wake tukaufanyia mazoezi kwa beti, ubeti mmoja kunyanyua na kushusha, kiitikio kupumzika, wimbo wa beti nne ukiisha zoezi limeisha, hata saa hatukuangalia. Na maneno hivo hivo, nachukua tuni anayoijua naweka maneno ya nyumbani, "nipe ma-ji", naimba huku nampigia mapigo kwenye kiganja cha kushoto, anarudia. Ilichukua wiki tatu maji yakatoka. Jina langu lilitoka Februari, nilikuwa naosha vyombo nikajifanya sijasikia ili alirudie.

Zipo siku niliimba kwa hasira tu. Nilikuwa nasoma Zaburi usiku nikagundua kitu ambacho miaka yote ya kwaya sikukiona, kwamba nyingi mle sio za kushangilia, ni malalamiko kabisa, ya 13 inaanza kwa kuuliza mpaka lini, ya 88 inaishia gizani na hakuna aliyeirekebisha mwishoni ili ipendeze. Na zote ziliimbwa! Nikajiambia kumbe sihitaji kusubiri niwe na furaha ndio niimbe. Hata Paulo na Sila kule Filipi tunapenda kuhubiri lile tetemeko na milango kufunguka, mi sasa naona zaidi kile kimstari kwamba wafungwa wengine walikuwa wanawasikiliza, miguu ikiwa bado kwenye mkatale. Maana hata kwetu ukuta ni mmoja na jirani, siku nimezidiwa nimenyamaza alfajiri nikasikia anagonga ukuta, "mama, leo hamuimbi? mgonjwa vipi?" Mwezi wa Ramadhani akawa ananiambia nyie ndio mnaniamshia daku.

Deni sikulilipa kwa nyimbo lakini, hilo naliweka wazi. Tivii ilichukuliwa, na ile cherehani ya mama yangu ikachukuliwa, bado inaniuma. Kilichoniokoa ni wenzangu wa sauti ya pili, walipangiana zamu kwenye meza yangu pale mwaloni wananiuzia dagaa wa mkopo mdogo mdogo, jioni wananiletea hela na hesabu kwenye karatasi ya nyuma ya nota za wimbo. Marejesho yaliisha Agosti 2022. Kama una shida sasa hivi na uko peke yako unaimba na redio, nakuomba utafute watu wa kuimba nao, redio haiwezi kukukalia mezani.

Baba watoto mtumbwi hajengi tena, anaelekeza vijana kwa mkono wa kushoto na ukali ule ule. Vidonge anameza kila siku saa mbili usiku, nimemuwekea alamu. Kwaya karudi, anakaa kwenye kiti wakati besi wengine wamesimama, na mara mbili tatu kaanza wimbo kabla kinanda hakijatoa sauti, juu kuliko ufunguo, besi wote wakamfuata hivo hivo mwalimu ameshika kichwa.

Kuongea anaongea, ila bado kuna maneno yanamkimbia. Juzi tunakula akasimamisha tonge hewani, anatafuta neno, anapiga meza kwa vidole, sisi tunasubiri maana tulikatazwa kumsemea. Mwisho akaliimba, "chu-u-mvi-i", tuni ya Jumapili kabisa, na mtoto wetu mdogo wa miaka saba hajanyanyua hata macho kwenye sahani, akampokea kwa sauti ya pili huku anasogeza kopo.