59 ni "nzuri tu", habari yenyewe iko mbele

Mara ya kwanza naingia kwenye kontesti, yale mashindano ya redio ya ridhaa ya kuwapata watu wengi hewani, nilimpa mtu thrii-thrii, ndo ripoti ya kumwambia namsikiaje, wakati kila mtu hutoa 59. Ndio, 33, tena kwa moyo safi kabisa, manake nilikuwa namsikia kwa tabu, taa za jirani zimejaza kelele bendi ya mita 20 nzima na yeye anakuja kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, nikasema mi ntakuwa mkweli. Jamaa yuko Ulaya, anapakia watu kama konda wa daladala asubuhi, kolsaini (jina la stesheni hewani), namba, asante, mwingine, kolsaini, namba, asante, mwingine. Akafika kwangu nikamwambia thrii-thrii thrii-seveni, ya kwanza ripoti, ya pili zoni yangu, namba ya eneo la dunia nililopo. Kimya. Akauliza tena. Nikarudia vilevile, thrii-thrii thrii-seveni, taratibu, kama namsomea mtoto. Akaniuliza, zoni yako 33? Manake 33 nayo ni zoni, ni huko Morocco na Tunisia, sa yeye anasikia mwanzo wa kolsaini ya Tanzania na zoni ya Morocco, akachanganyikiwa kabisa. Tukazunguka hapo mara tatu nne, huku nyuma yake watu wamejazana wanasubiri. Mwisho akaipata 37, akasema asante kwa ile sauti ya mtu aliyecheleweshwa kwenye foleni ya benki, akaendelea na safari yake.

Nikamsimulia mzee aliyenifundisha redio. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mtu akikuuliza habari za asubuhi unamjibuje?"

Nikamwambia nzuri.

"Hata kama hujalala?"

Hapo nikaelewa. Yaani sisi tuliozaliwa na salamu ndo tulitakiwa tuielewe 59 kuliko watu wote duniani. Mtu kalala hospitali na mtoto, hajala, bodaboda imemmwagia tope njiani, ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza, halafu ndo inakuja "ila". Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Hiyo nzuri hakuna anayeipima, kama ambavyo ukisema shikamoo hakuna anayeinama kuangalia kama kweli umeshika miguu. 59 ya kwenye kontesti ndo hivyohivyo. Watu wanaoanza wanachekaga sana wakisikia mtu anasema "faivu-naini, rudia zoni, rudia zoni", wanasema sasa kama ananisikia 59 anataka nirudie nini? Lakini we ukitoka nyumbani asubuhi si unaambiwa nzuri ila naumwa, mbona huchekagi.

Sasa kwa asiyejua, zile namba zina maana yake halisi na ni ya heshima. Ya kwanza ni kueleweka, 1 mpaka 5. Ya pili ni nguvu ya mawimbi, 1 mpaka 9. Ukiwa kwenye telegrafu inaongezeka ya tatu, ubora wa mlio, nayo 1 mpaka 9, ndo maana wao wanatuma 599. Mfumo huu ni wa Marekani tangu 1934, wakati mitambo mingine ilikuwa inatoa mlio kama nyuki kwenye debe, kwa hiyo kumwambia mtu mlio wake ni 6 au 7 kulikuwa na maana. Na ile 9 ya nguvu ina kipimo chake kabisa, mikrovolti 50 kwenye mlango wa antena kwa bendi za HF (mawimbi mafupi), na kila ukishuka hatua moja ni desibeli 6. Kwa hiyo ukitaka kuwa mwalimu wa fizikia, karibu kila 59 inayotolewa wikiendi ya kontesti ni uongo. Ni uongo tuliokubaliana wote, na hata programu ya kuandikia logi (orodha ya uliowapata), mi natumia N1MM, inakujazia 59 yenyewe kabla hujagusa kitu. Wa telegrafu wamefika mbali zaidi, ile 9 ni ndefu kuituma, mistari minne na nukta, wakaibadilisha kuwa N, ambayo ni mstari na nukta basi. Inatoka 5NN. Ukisikia kwa kasi ni kama mtu anagonga mlango.

Kuna watu wanasema basi iondolewe. Na kuna kontesti haina kweli, Field Day ya Wamarekani kila Juni wanatoa daraja la stesheni na eneo lao tu, na ile ya North American QSO Party wanapeana jina na mahali, hakuna 59 wala nini. Lakini mi naipenda ibaki, na sababu yangu sio heshima wala mila, ni sikio. Mawimbi yakiwa yanapanda na kushuka, lile neno faivu-naini ambalo nalijua kabla halijatamkwa ndo linanipa nafasi ya kukaza sikio, naijua sauti yake, naujua mwendo wake, halafu namba ninayoihitaji ikija inanikuta niko tayari. Ukinibadilishia hapo mwanzo ukaweka foo-faivu au thrii-thrii, umenivuruga sikio, nami sijui tena namba ipi ni ripoti na ipi ni zoni. Ndo kosa langu mimi na yule wa Ulaya. Na tena kwenye CQ World Wide, ile kontesti kubwa ya Oktoba, sheria inataka ripoti na zoni, vyote viwili, kwa hiyo hata ukiona haina maana unaitoa tu.

Habari yenyewe sasa. Zoni.

Tanzania, Kenya na Uganda kwa hesabu za CQ wote tuko 37. Ukivuka tu Ziwa Tanganyika uko 36, Burundi, Rwanda, Kongo, wote 36, hata Zambia. Kwa hiyo mtu wa Kigoma na mtu wa Bujumbura wanaoneana karibu ila kwenye logi ni zoni mbili tofauti, na kwa mshindani wa Japani au Brazil hizo ni vizidishio (vya kuzidisha pointi) viwili tofauti kwa kila bendi, sio kitu cha kubahatisha. Ndo manake Oktoba, wikiendi kamili ya mwisho, ukiwasha redio huku kwetu unasikia watu wanapiga kelele kama umetupa karanga kwenye kuku. Wewe wati 100 na waya uliofungwa kwenye mnazi umekuwa lulu ghafla. Mkipatana hewani mtu wa Ulaya na Mtanzania ni pointi 3, mi na jirani wa Kenya pointi 1, Mtanzania kwa Mtanzania pointi 0 ila mnapeana nchi na zoni kama kizidishio, kwa hiyo msinyimane.

Halafu sasa kuna mtego ambao uliniingiza mi mzimamzima. Kontesti ya IARU, umoja wa dunia wa redio ya ridhaa, ya Julai nayo inataka 59 na zoni, ila zoni zake ni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, sio za CQ. Kwa ITU Tanzania ni 53 na Kenya ni 48, hata hatuko pamoja tena. Mi Jumamosi saa tisa alasiri kipenga kimelia, nimekaa na chai yangu, nikaanza kugawa faivu-naini thrii-seveni kwa kujiamini kabisa, nikagawa karibu saa nzima. Mpaka mmoja, nadhani alikuwa na huruma, akaniambia kwa upole, rafiki yangu, 37 ni Hispania na Ureno, wewe uko wapi? Mwili ukaniishia nguvu. Ile saa nzima watu wameniandika vile nilivyosema, na wako sawa, manake kazi yao ni kuandika walichosikia sio kunisahihisha. Nikabadilisha ikawa 53 na nikaendelea, huku naona aibu peke yangu chumbani.

Hilo la kuandika ulichosikia ndo linalowashinda wengi, na ni kwa sababu programu ni mjuaji. Ukiandika kolsaini tu inakuwekea zoni kabla mtu hajafungua mdomo. Kwa nchi ndogo inapatia. Kwa Wamarekani inakuponza, manake wao wana zoni tatu, 3, 4 na 5, na mtu akihama anahama na kolsaini yake, kwa hiyo unakuta kolsaini ina namba 6, ya California, programu inaweka 3, kumbe mzee alishahamia mashariki siku nyingi na anakwambia 5 wazi kabisa, wewe umeshabonyeza enta unamfuata mwingine. Wakaguzi wa logi wanazilinganisha zote kwa kompyuta, yako na yake, isipolingana QSO, yaani hayo mawasiliano yenu, inafutwa. Na usifikirie utarekebisha Jumatatu kwa kuchungulia kwenye intaneti, CQ World Wide wamekataza kabisa kusahihisha logi baada ya muda kwisha kwa kutumia kumbukumbu za mtandaoni, rekodi au kumuuliza mtu kwa barua pepe. Unayo siku 5 za kuituma ilivyo. Kama hukusikia, uliza palepale hewani, hakuna anayekula mtu.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Mtu akikwambia "zoni tena?" anataka zoni tu, mpe zoni mara mbili, thrii-seveni thrii-seveni, unyamaze. Usianze upya na kolsaini yako na 59 na jina na hali ya hewa ya Tanga, ile sehemu aliyoikosa itaangukia tena kwenye kelele ileile. Akikosea herufi moja ya kolsaini yako, mrudishie kolsaini, usikubali kisa unamuonea haya, ukimwachia imeandikwa vibaya mmeumia wote. Akiipata sawa usiirudie, ashaipata. Na ukisikia anamuita mtu mwenye "Oska Kilo", yaani O na K kwenye kolsaini, na wewe huna Oska wala Kilo, funga mdomo bwana, hata kama umesubiri nusu saa, manake kila anayeropoka hapo anamfanya aulize upya na wote mnazidi kuchelewa. Kitu kingine kinachoniudhi ni wale wa "tafadhali pokea ripoti yako ambayo ni". Ameshakupa sekunde mbili wewe unazimaliza kwenye utangulizi.

Na hapa nakiri sisi huku ni ngumu. Kumpita mtu bila kumuuliza za nyumbani tunaona kama ukorofi. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikimpata Mkenya au Mganda kwenye kontesti najisahau, namuuliza mvua huko vipi, anacheka, ananijibu, tunaenda dakika tatu, halafu nakuta masafa yangu yamechukuliwa na mtu mwenye antena kubwa wa huko Italia. Siku hizi namwambia faivu-naini thrii-seveni, tutaongea Jumatatu. Na Jumatatu kweli tunaongea.

Ila sasa tabia inahamia kusikotakiwa. Wiki baada ya kontesti ya Oktoba 2024, jua limechangamka, mita 10 zimefunguka mpaka jioni, kichwa changu bado kinasema faivu-naini chenyewe hata nikiwa naoga. Mzee wangu akaniita mita 40 usiku, yuko bara, kafunga waya mpya.

"Mwanangu, unanisikiaje?"

"Shikamoo mzee, faivu-naini."

"Marahaba. Mi sijakusalimia, nimekuuliza unanisikiaje."

Nikaangalia mita ya redio. Sindano ilikuwa inahangaika kwenye 4, na mwisho wa kila sentensi sauti yake inakwaruza kama inachanika. Nikamwambia hivyohivyo, faivu-foo mzee, na inakwaruza mwishoni. Akasema subiri. Nikasubiri kama dakika ishirini, najua amepanda ngazi usiku na tochi mdomoni, umri ule. Kumbe maji yalikuwa yameingia kwenye kiungo cha kebo. Aliporudi hewani nikampa faivu-seveni, akaniuliza una uhakika, nikamwambia nina uhakika, akasema haya, hiyo naiandika.