Wakati wa Kuua na Wakati wa Kupoza

Wapendwa katika Bwana, Mhubiri 3:3 hutukumbusha kwamba kuna wakati wa kuua na wakati wa kupoza, wakati wa kubomoa na wakati wa kujenga. Chini ya ngozi iliyokatika imo seli inayozifanya kazi hizo zote kwa zamu, nayo huitwa makrofaji.

Bakteria wanapoingia kidondani, makrofaji humkumbatia mmojammoja kwa utando wake, humfungia ndani ya kifuko, kisha humimina humo vimeng'enya vya kumsaga. Vipande vinavyobaki huvitoa nje na kuvionyesha kwa seli T, askari wengine wa kinga ya mwili, ili nazo zimtambue adui. Na kemikali inazozitoa ni miongoni mwa vitu vinavyoleta ile homa tunayoilalamikia. Baada ya siku kadhaa, ikisha kumeza mabaki ya seli zilizokufa, hubadili mwenendo, ikatuliza uvimbe na kuchochea mishipa mipya ya damu iote. Mwanasayansi Ilya Mechnikov, aliyechoma mabuu ya kiti cha pweza (mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota) kwa miiba mwaka 1882 na kuona seli zikiizingira, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1908 pamoja na mwanasayansi mwenzake Paul Ehrlich.

Maradhi huja majira yanapochanganywa. Katika saratani, makrofaji nyingi hugeuzwa zikaujengea uvimbe mishipa ya kuulisha, ilhali ulikuwa wakati wa kuua. Kwingine, kama katika baridi yabisi, huendelea kuchochea uvimbe katika viungo visivyo na adui yeyote. (Nasi tumewahi kuendelea kumkemea ndugu aliyekwisha kutubu, tukiita jambo hilo bidii.)

Linalonitafakarisha zaidi ni kifua kikuu. Bakteria wake humezwa na makrofaji za mapafuni, lakini hukizuia kifuko kilichowabeba kisiungane na kile chenye vimeng'enya, wakaishi na kuzaliana ndani ya seli iliyokusudiwa kuwaangamiza. Mwili ukishindwa kuwaondoa huwazungushia seli nyingine, na humo wanaweza kukaa kimya miaka mingi. Hata mgonjwa anapotibiwa, baadhi yao husinzia bila kukua na hawafi upesi, ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua miezi 6 ingawa kikohozi hukoma mapema.

Katika sala za juma hili tuwataje wanaomeza dawa hizo, hasa wale waliokwisha kupata nafuu na wanashawishika kuziacha.