Kutambua ganda la Mauser 71 kwa kalipa

Maganda ya risasi niliyoletewa yalikuwa 7, yote yamefukuliwa kwa jembe katika shamba moja nje ya Tanga. Nilianza kupima urefu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene na vipenyo, na hapo nikapotea. Ganda la bunduki ya Wajerumani ya Mauser ya 1871 lina milimita 60, la Gras ya Wafaransa 59, la Martini-Henry ya Waingereza 59.5. Mdomo ukimeguka kidogo tu, urefu haukusaidii.

Kinachosema kweli ni kitako. Ukingo wa Mauser una kipenyo cha karibu milimita 14.9, Gras 16.9, Martini 18.9. Juu kidogo ya ukingo, mwili una 13.1 kwa Mauser, 13.8 kwa Gras na 17 kwa Martini. Pima pande mbili zinazokatana, uchukue wastani, maana ganda lililokanyagwa na trekta si duara tena.

Ila kabla ya kalipa, angalia kama fataki, kile kidonge cha kuwashia kilicho katikati ya kitako, imebonyezwa na pini ya bunduki na ganda ni tupu. Risasi nzima usiiguse, waite polisi: baruti nyeusi ikikaa kavu haipotezi nguvu, hata baada ya miaka 100.

Kuosha ni lazima, kwa sababu kutu ya kijani huongeza unene kwenye ukingo na kukupa kipimo cha uongo. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, loweka usiku kucha, kisha mswaki laini. Siki niliijaribu kwenye ganda moja, nikajuta: ganda ni mchanganyiko wa shaba na zinki, zinki ilitoka, shaba ikabaki na rangi ya waridi, na hairudi. Amonia ni mbaya zaidi, hupasua shingo ya ganda.

Maganda 6 yalitoa ukingo wa 14.8 hadi 15.0, na kitako kilichoinuka katikati kuzunguka fataki, alama ya Mauser. Ukimulika tochi ndani unaona vitundu viwili vya moto. Ndiyo risasi waliyokuwa nayo askari wengi wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki mwaka 1914: kichwa cha risasi cha gramu 25, gramu 5 za baruti, mwendo wa karibu mita 440 kwa sekunde, na moshi mzito uliomfichua aliyefyatua.

La saba limeliwa kitako chote. Nimelifunga kwenye karatasi kavu, nikaandika mahali lilipookotwa, jina nikaliacha wazi.