Kabla ya Kutaja Bei

Mwaka 2023 nilipigiwa simu na mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni huko Bagamoyo, Mji Mkongwe, karibu na Barabara ya India. Baada ya salamu hakuzunguka: "Mwanangu, tovuti unatengeneza kwa shilingi ngapi?" Nikamwambia bei nitamtajia, ila kwanza nije niione nyumba.

Kazi hii naifanya kwa kujitegemea, sina kampuni ya kunifidia. Bei ikishanitoka mdomoni ndiyo hiyo hiyo, mteja ataishikilia hata kazi ikiongezeka maradufu. Kwa hiyo nauli ya kwenda kumsikiliza mteja huwa siionei uchungu. Nikapanda gari Makumbusho: Bunju, Mapinga, Kerege, kilomita 60 hivi, nikafika.

Nilimkuta barazani na mwanawe, kijana anayesoma chuo Dar.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu. Kaa huku penye upepo."

Kijana alikuwa ameshaandaa karatasi: malipo kwa kadi, lugha tatu, video, kalenda ya vyumba ya kuwekea nafasi. Alikuwa ameyatoa kwenye tovuti ya hoteli kubwa ya Zanzibar. Ningeweza kupiga hesabu pale pale, kila kitu kwenye karatasi ile kina bei yake. Badala yake nikaomba kitabu cha wageni.

Kila aliyewahi kulala gesti anakijua: jina, kabila, kazi, atokako, aendako, saini. Mama alikileta, akachukua gazeti akalikunja, akafunika safu ya majina kabla ya kunigeuzia. Nilimheshimu sana kwa hilo. Tukaanza kushuka na safu ya atokako: Dar es Salaam, Dar es Salaam, Kibaha, Dar es Salaam, Morogoro. Kwenye kazi: mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, mfanyabiashara. Wageni wa nje walikuwapo, lakini walikuja kwa mkupuo, wakati wa tamasha la TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981.

"Hawa wa nje wanakupataje?"

"Huletwa na watu wa chuo."

"Na hawa wa Dar?"

"Wananipigia. Bei gani, kuna feni au kiyoyozi, gari nitaliweka wapi. Wengine wakifika wanapotea, wananipigia tena: mama, tumefika msikitini, tukate wapi?"

"Wanalipaje?"

"Kwa simu. Nusu kabla, nusu wakifika."

Nikamuuliza nani anapokea simu hizo. Yeye. Na asipokuwapo? Akanyamaza kidogo, akafungua simu yake kunionyesha. Zilikuwa zimejipanga kwa wekundu simu ambazo hazikupokelewa, nyingi za Ijumaa mchana. Ijumaa mchana ndipo watu wa Dar wanapopanga wikiendi, na ndiyo saa ambayo yeye yuko ufukweni kwenye soko la samaki akinunua kitoweo cha wageni hao hao. Kwenye karatasi ya kijana jambo hilo halikuwamo, na ndilo lililokuwa likimpotezea mama huyu fedha kila wiki.

Nikarudi kwenye kalenda ya vyumba. "Kaka," kijana akaniambia, "hiyo ndiyo muhimu kuliko zote." Nikamuuliza: mgeni akija na mguu wake saa nne usiku akachukua chumba cha mwisho, nani ataingia mtandaoni kukifunga? Akamtazama mama yake. Mama akasema, "Saa hizo mimi nimelala, na wewe uko Dar." Kalenda inayosema chumba kipo wakati kuna mtu anakoroma ndani ni hatari kuliko kutokuwa na kalenda kabisa. Nikaongeza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na tovuti ikikusanya majina na namba za wageni, wajibu wa kuzilinda utakuwa wake. Akaweka mkono juu ya lile gazeti. "Basi tusizikusanye."

Makadirio niliyoyaandika yalikuwa mafupi. Ukurasa wa Kiswahili wenye bei, picha za vyumba, maegesho na maelekezo ya njia kuanzia stendi. Kitufe cha WhatsApp kinachokwenda kwenye simu itakayokaa mapokezi kwa mhudumu. Ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa ajili ya msimu wa tamasha. Gharama za kila mwaka, yaani jina la .co.tz na kuihifadhi tovuti, niliziweka mbali na malipo ya kazi, na jina lenyewe lisajiliwe kwake, si kwangu. Chini nikaandika wazi visivyokuwamo: kadi, kalenda, video, na marekebisho yatakayozidi awamu mbili.

Alinipigia alipoyasoma. "Punguza kidogo, mwanangu."

Nikamwambia bei sipunguzi, ila tunaweza kupunguza kazi: Kiingereza kikiandikwa na kijana, sehemu hiyo naitoa.

"Atakiandika," akasema. "Ada namlipia mimi."

Jioni ile ile akatuma nusu ya malipo kwa simu, na namba ya mhudumu wa mapokezi ikafuata.