Utafiti wa kwanza: chora jedwali kabla ya kuandika dodoso

Ukipitia mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, yawe ya Mbeya au Iringa, mengi yanaanza kwa njia ileile. Aya ya kwanza ni kilimo duniani, ya pili Afrika, ya tatu Afrika Mashariki, na unafika ukurasa wa sita hujaona hata jina la wilaya inayotafitiwa. Tatizo si uvivu, maana kurasa hizo zimeandikwa kwa jasho. Tatizo ni kwamba mwandishi ameanza na Sura ya Kwanza kwa sababu inaitwa ya kwanza.

Mimi namshauri anayeanza aanzie mwisho. Kabla ya usuli, kabla ya nadharia, kabla ya dodoso, chukua karatasi uchore majedwali utakayoyaweka kwenye sura ya matokeo, yakiwa matupu. Majedwali matatu au manne yanatosha kwa shahada ya kwanza. Kama huwezi kuyachora, bado hujapata swali, una mada tu.

Tuchukue mfano mmoja: mbegu za viazi mviringo katika kata moja ya Mbeya Vijijini. "Changamoto za kilimo cha viazi" ni mada. Swali ni hili: je, wakulima wa kata hiyo waliotembelewa na afisa ugani msimu uliopita wanapanda mbegu iliyothibitishwa zaidi kuliko wasiotembelewa? Hapo kuna nani, nini, wapi na lini. Jedwali lake lina mistari miwili (waliotembelewa, wasiotembelewa) na safu mbili (walipanda mbegu iliyothibitishwa, hawakupanda). Vyumba vinne tu.

Angalia sasa vyumba hivyo vinavyokulazimisha kufikiri. Kutembelewa ni nini? Afisa ugani kufika shambani, au mkulima kumsikiliza kwenye mkutano wa kijiji? Na mbegu iliyothibitishwa? Ukimuuliza mkulima kama anatumia "mbegu bora", atakwambia ndiyo, na hadanganyi: amenunua kwa jirani ambaye viazi vyake vilitoka vizuri. Wengi huchambua viazi vidogo vya mavuno yao wenyewe wakavitunza kwa kupanda. Kwa hiyo swali moja la ndiyo au hapana halifai. Uliza mbegu ilitoka wapi, ilinunuliwa kwa nani, ilikuwa na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) au haikuwa nayo, na ni msimu wa ngapi tangu inunuliwe. Kisha wewe mtafiti ndiye unayepanga jibu liingie chumba kipi. Kazi hiyo usimwachie mhojiwa.

Dodoso likishakamilika, pita swali kwa swali ukiuliza: hili linaingia jedwali lipi? Lisilo na jedwali lifute. Dodoso la mwanafunzi lenye maswali 80 karibu kila mara lina maswali 40 yaliyonakiliwa kwa mtu mwingine. Likizidi dakika 40, mkulima wa Januari mwenye palizi inayomngoja ataanza kujibu "ndiyo" mfululizo ili uondoke.

Vipimo ndivyo vinavyoua tafiti nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na wasimamizi hawavisemi vya kutosha. "Ulivuna magunia mangapi?" Gunia lipi? Viazi vikifungwa lumbesa, gunia linaloitwa la kilo 100 linapita uzito huo, na hakuna anayejua limepita kwa kilo ngapi mpaka lipande kwenye mizani. Mkulima aliyejaza la kawaida akavuna 30 na aliyejaza lumbesa akavuna 30 hawakuvuna sawa, lakini kwenye Excel yako wamelingana. Dawa yake ni ya siku moja: nenda mahali magari yanapopakilia, omba ruhusa, pima magunia kadhaa ya kila aina ya ujazo, upate wastani wa aina hiyo. Kwenye dodoso weka swali la aina ya ujazo. Uliza pia viazi vilivyoliwa nyumbani na vilivyobakizwa kwa mbegu, kwa sababu neno "mavuno" kwa watu wengi ni kile kilichouzwa.

Ukubwa wa shamba nao ni hivyohivyo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, na hekta moja ni ekari 2.47; ukichanganya vipimo hivi viwili katikati ya kazi, mavuno kwa eneo yanageuka upuuzi. Robo ekari ni kama mita 32 kwa 32. GPS ya simu inaweza kukosea mita kadhaa, na kosa hilo kwenye shamba la ekari kumi si kitu, ila kwenye robo ekari linabadilisha jibu kabisa. Kwa vishamba vidogo tumia futi kamba. Na uliza msimu mmoja tu uliopita. Anayekutajia magunia ya miaka mitatu nyuma anakisia.

Sampuli. Fomula ambayo kila mwanafunzi anaikariri ni ya Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni jumla ya kaya, na e ni kiasi cha kukosea unachokubali. Kata ikiwa na kaya 1,200 zinazolima viazi, na e ikiwa 0.05, unapata 1,200 ÷ (1 + 3), yaani kaya 300. Ukiweka e ya 0.1, unapata 93 tu. Wengi hubadilisha e kimyakimya ili sampuli ilingane na nauli waliyonayo. Nauli ni sababu halali, ila iandike, na useme makadirio yako yana nafasi ya kukosea ya asilimia 10 kwenda juu au chini. Tarajia pia kukosa watu. Ukitegemea asilimia 10 hawatapatikana, gawanya 300 kwa 0.9: orodhesha 334.

Fomula hiyo inachukulia kwamba umewachukua watu kwa nasibu kutoka orodha moja. Ukichagua vijiji kwanza halafu kaya, jua kwamba watu wa kijiji kimoja hufanana: wananunua mbegu duka moja, wana afisa ugani mmoja, barabara moja. Kaya 30 kutoka kila kijiji katika vijiji kumi zinakueleza mengi kuliko kaya 100 kutoka kila kijiji katika vijiji vitatu, ingawa jumla ni 300 zilezile. Nauli inapanda, najua.

Kupata majina, omba daftari la wakazi kwa mtendaji wa kijiji, kisha kaa na wenyeviti wa vitongoji mlipitie: nani amefariki, nani amehamia Chunya kwenye dhahabu, nani ameanzisha kaya mpya. Ukiwa na majina 1,200 na unahitaji 300 (tuwaache kwanza wale 34 wa ziada), hatua ni 4. Andika 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, okota kimoja, tuseme 3, halafu chukua wa 3, wa 7, wa 11, mpaka mwisho. Usikubali mwenyekiti akuchagulie "wakulima wazuri wa kukujibu". Atakupeleka kwa ndugu zake na kwenye nyumba zilizo karibu na barabara, tena kwa nia njema kabisa. Kaya ukiikosa, rudi hata mara tatu kwa saa tofauti kabla ya kuihesabu kuwa imekosekana, na usihamie kwa jirani kwa sababu yupo. Anayekuwepo nyumbani saa nne asubuhi msimu wa kilimo mara nyingi ni mzee, mgonjwa au mtoto. Siku ya gulio usiende.

Hayo yote hayaanzi bila barua. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Anza mapema, na tembea na nakala za kutosha. Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji kibali cha maadili kwanza, hilo halina mjadala.

Majaribio ya dodoso yafanyie kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli, kwa watu kama 30. Kama dodoso liliandikwa kwa Kiingereza, mtu mmoja aligeuze kuwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaona la mwanzo alirudishe kwa Kiingereza, ndipo ulinganishe. Kwa wazee wanaojieleza vizuri zaidi kwa Kisafwa au Kinyakyusa, kubaliana na msaidizi wako maneno ya kila swali mkiwa mezani. Akitafsiri papo hapo, kila mhojiwa ataulizwa swali lake.

Faida kubwa ya majaribio ni jedwali lako tupu kupata damu. Tuseme unaona wanaotumia mbegu iliyothibitishwa ni wachache mno, kiasi kwamba kwa kaya 300 utapata 12. Tuseme tena waliotembelewa ni 120. Chumba cha "ametembelewa na anatumia" kinatarajiwa kuwa na 12 × 120 ÷ 300, yaani 4.8. Jaribio la kai-mraba, linalopima kama tofauti ya makundi ni ya bahati tu, linataka kila chumba kitarajiwe kuwa na angalau 5, kwa hiyo tayari uko pabaya kabla hujaenda kwenye kijiji cha kwanza. Utatumia jaribio halisi la Fisher, linalofaa namba ndogo, au, vizuri zaidi, utabadilisha mpango: watafute watumiaji wote wa kata, halafu uwalinganishe na wasiotumia waliochaguliwa kwa nasibu. Aliyeandika dodoso kwanza hugundua haya akiwa ameshamaliza hela.

Kuna wanaokokotoa alfa ya Cronbach kwa dodoso zima kwa sababu wameambiwa lazima ifike 0.7. Alfa inapima kama kundi la maswali yanayopima kitu kimoja, kwa mfano maswali sita ya imani kwa afisa ugani, yanakwenda pamoja. Kuchanganya umri, ukubwa wa shamba na aina ya mbegu kwenye alfa moja hakuna maana yoyote, hata ikitoka 0.9.

Kukusanya data, programu ya KoboToolbox inafanya kazi kwenye simu hata pasipo mtandao, na inatuma ukirudi mjini. Iwekee mipaka: umri usizidi 110, ekari zisiwe hasi. Jibu lililokosekana usiliandike 0, kwa sababu sifuri ni jibu. Wanaoandika 99 kama alama ya jibu lililokosekana wakasahau kuiambia programu, wastani wa umri hupanda nao wanashangaa kijiji kina wazee wengi.

Matokeo sasa. Tuseme kwa mfano mwingine wa kubuni kwamba kati ya 120 waliotembelewa, 30 walipanda mbegu iliyothibitishwa, na kati ya 180 wasiotembelewa, 9. Mwanafunzi ataandika: "Jedwali linaonyesha kuwa wahojiwa 30 walisema ndiyo na 90 walisema hapana." Msomaji ana macho, jedwali ameliona. Andika hivi: "Robo ya waliotembelewa walipanda mbegu iliyothibitishwa, ikilinganishwa na mmoja kati ya 20 wa wasiotembelewa." Angalia pia asilimia inatoka wapi. Ukisema asilimia 77 ya watumiaji walitembelewa (30 kati ya 39), umesema kweli, lakini umejibu swali jingine. Na usiandike kwamba ziara "zilisababisha" matumizi. Huenda afisa ugani anafika kwa wenye mashamba makubwa karibu na lami, ambao wangenunua mbegu hiyo hata bila yeye. Andika "inahusiana na", kisha ueleze sababu nyingine zinazowezekana. Hapo ndipo sura ya mjadala inapopata cha kusema.

Mapitio ya maandiko yatengenezee jedwali la Excel: mwandishi na mwaka, mahali, sampuli, mbinu, alichokipata, udhaifu. Makala 25 ulizozisoma kweli zinatosha kuanzia. Kisha andika kwa hoja. Mtindo wa "huyu alisema, yule naye akasema" kwa kurasa kumi ni orodha tu. Na "hakuna utafiti uliofanyika Mbeya" peke yake si pengo. Eleza kwa nini Mbeya ingetoa jibu tofauti: mwinuko, misimu ya kupanda, umbali na chanzo cha mbegu.

Marejeo yaachie programu ya Zotero, ni ya bure, lakini uikague. Taasisi ukiziingiza kama watu zinaharibika: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inageuka mtu anayeitwa Tanzania mwenye herufi za kwanza za ajabu. Badilisha sehemu ya jina iwe kisanduku kimoja. Marejeo uliyopewa na programu ya akili bandia yafungue moja baada ya jingine, maana programu hizo hutunga makala ambazo hazipo, zikiwa na mwaka na kurasa kamili.

Mpangilio wa kuandika ninaoupendekeza ni mbinu kwanza, matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa. Sura ya mbinu uliyokwisha kuiandika kwenye pendekezo unaichukua na kuigeuza iwe wakati uliopita. Tumia kitafutio kutafuta "utafanyika", "watahojiwa", "zitakusanywa". Tasnifu nyingi hufika kwa mtahini zikisema data zitakusanywa mwezi Juni wa mwaka uliopita.